Diski Isiwe ya Waja Leo Waondoka Leo: Mwongozo Kamili wa Kuchagua CD na DVD Tupu

Malalamiko ni yale yale hapa Tanga, kutoka Ngamiani hadi Raskazone. CD ya kaswida ilipiga vizuri siku ilipochomwa, masika moja imepita na sasa inarukaruka. DVD ya harusi inafunguka kwenye kompyuta iliyoichoma, lakini deki ya nyumbani kwa bibi harusi inasema hakuna diski ndani. Mwalimu wa madrasa aliweka rekodi za maulidi kwenye DVD tatu na leo ni moja tu inayosomeka. Ukimuuliza yeyote kati yao alinunua diski gani, atakutajia jina lililochapwa kwenye kava.

Hilo jina ndilo linalowaponza. Ni jina la mwenye biashara tu. Diski yenyewe huenda imetoka kiwanda kingine kabisa, na mkebe utakaonunua mwezi ujao ukatoka kiwanda cha tatu, rangi na maandishi ya kava yakiwa hayajabadilika hata chembe. Kwa hiyo utaratibu ninaoueleza hapa ni huu: nunua diski moja, ijue imetoka wapi, ichome, ipime, itese kidogo, ndipo ununue mkebe mzima. Soma mpaka mwisho kabla hujaenda dukani.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta yenye draivu ya kuchoma CD na DVD. Draivu ya nje ya USB inafaa, mradi uichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta na si kwenye kigawio cha USB (hub). Draivu hizi nyembamba hula umeme mwingi wakati wa kuchoma, na zikipungukiwa huharibu diski katikati ya kazi.
- Betri ya laptopu iliyojaa, au UPS kama unatumia kompyuta ya mezani. Umeme ukikatika diski ikiwa inachomwa, CD-R au DVD-R hiyo, kwa kuwa huchomwa mara moja tu, ni ya kutupa.
- Programu ya kuchoma. Kwa Windows, ImgBurn au CDBurnerXP; kwa Linux, K3b au Brasero. Zote ni za bure. Ila wakati wa kusakinisha ImgBurn soma kila ukurasa kabla ya kubonyeza kuendelea, maana kisakinishi chake kimewahi kuja na programu za ziada ambazo hukuziomba.
- Programu ya kupima, Nero DiscSpeed.
- Kitambaa laini cha pamba na makapeni isiyo na harufu kali.
- Makasha magumu ya diski, chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, na vile vifuko vidogo vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na mikoba.
- Deki au redio ya gari ambayo itapiga diski hiyo baadaye. Usiiache hii nje ya orodha.

## Hatua ya 1: Amua diski ni ya kusikiliza au ya kuhifadhi

Hizi ni kazi mbili tofauti, na makosa mengi huanzia kwenye kuzichanganya.

CD ya muziki, ile inayopigwa na kila deki, hubeba dakika 80 za sauti. Unapokutana na doa au mkwaruzo usioweza kuurekebisha, mtambo hukisia sauti iliyokosekana na kuendelea kupiga. Sikio huenda lisijue, lakini sauti ya asili imekwisha potea. CD ya data, yenye ujazo wa MB 700, ina safu moja zaidi ya kusahihisha makosa. Faili ama hutoka sawasawa kama lilivyoingia, ama kompyuta hukuambia wazi kwamba limeshindikana.

Kwa hiyo, kama una kanda ya zamani ya vikundi vyetu vya muziki, Black Star au Atomic Jazz, uliyoihamishia kwenye kompyuta, usiifanye CD ya muziki kuwa ndiyo nakala yako ya kuhifadhi. Hifadhi mafaili ya sauti ya WAV au FLAC kwenye diski ya data. Ya kusikiliza kwenye gari ichome pembeni, ikichakaa unachoma nyingine.

WAV ya ubora wa CD hula takriban MB 10 kwa dakika. FLAC huchukua nafasi ndogo zaidi, mara nyingi kama nusu, bila kupoteza chochote. MP3 imeshapunguzwa, kuigeuza tena kuwa WAV hakurudishi kilichokatwa, kunajaza diski tu.

Neno moja la pembeni: kunakili kanda yako kwa ajili ya kuihifadhi nyumbani ni jambo moja, kutoa nakala za kuuza sokoni ni jambo jingine. Hilo la pili linahitaji ruhusa ya wenye haki, na ofisi ya kuulizia ni COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.

## Hatua ya 2: Chagua aina

CD-R kwa muziki na mafaili machache. Acha CD-RW, ile ya kufuta na kuchoma upya. Inarudisha mwanga hafifu, takriban asilimia 15 hadi 25, ambapo CD-R hurudisha 65 na zaidi. Ndiyo maana deki za zamani na redio nyingi za gari huikataa.

DVD-R kwa video za harusi zitakazoingia kwenye deki za watu usiowajua. Deki kuukuu hukubaliana nayo kuliko DVD+R. DVD+R ni nzuri kwa kuhifadhi data, kwa sababu mfumo wake wa kufuatilia njia na kushughulikia makosa wakati wa kuandika ni imara zaidi. Zote mbili hubeba baiti bilioni 4.7, kompyuta itakuonyesha kama GB 4.38 kwa sababu inahesabu kwa namna yake. Hujapunjwa.

DVD za tabaka mbili, zile za GB 8.5, ziache. Zinakataa kwenye deki nyingi, na hata uchomaji wake hushindikana mara nyingi kuliko za tabaka moja. Vivyo hivyo CD za dakika 90 au 99: zimebanwa kupita vipimo vya kawaida, na mwisho wake ndio wa kwanza kufa.

Dukani unaweza kuonyeshwa CD zilizoandikwa kwamba ni maalumu kwa muziki, na bei yake iko juu. Usivutwe. Zilitengenezwa kwa ajili ya mashine za kurekodia za nyumbani zisizohitaji kompyuta, ambazo hukataa CD nyingine. Ndani zina alama ya kuitambulisha tu. Sauti haitoki bora hata kidogo. Kwa mwenye kompyuta ni pesa ya bure.

Kama kazi yako ni nyingi na una draivu ya Blu-ray, BD-R ya GB 25 inafaa sana kwa hifadhi, lakini hakikisha haikuandikwa LTH. Hizo za LTH hutumia rangi ya kikaboni kama CD-R. Za kawaida, HTL, hutumia tabaka lisilo la kikaboni na zinavumilia mwanga vizuri zaidi. Ipo pia M-DISC, iliyobuniwa kwa ajili ya hifadhi ya muda mrefu. DVD zake zinahitaji draivu iliyoandikwa kuwa inaziweza kuzichoma, kwa kuwa leza inatakiwa iwe na nguvu zaidi, ila kuzisoma husomwa na draivu za kawaida.

## Hatua ya 3: Kagua dukani, kabla ya kutoa pesa

Anza na rafu, siyo diski. Mkebe umekaa wapi? Siku hizi wanunuzi wa diski wamepungua, na mikebe mingine imekaa dirishani ikipigwa na jua la mchana mwaka baada ya mwaka. Diski tupu nayo inazeeka. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uliotolewa mwaka 2003, unakadiria diski ambayo haijachomwa kuwa na maisha ya miaka 5 hadi 10. Jua hufupisha huo muda. Omba mkebe wa stoo, uliofungwa nailoni yake, usiopauka rangi upande mmoja.

Kisha omba diski moja iliyofunguliwa, ishike kwa ukingo na tundu la katikati, usiguse uso. Angalia mambo haya:

Vitundu. Inyanyue kuelekea taa au mbingu. Ukiona vidoa vya mwanga vinavyopenya kama vya chujio, rudisha. Hapo tabaka linaloakisi mwanga halikukamilika tangu kiwandani.

Rangi. Upande wa kusomea uwe na rangi moja, bila mawimbi, bila michirizi kuelekea ukingoni. Kwa CD-R rangi inakwambia kitu kuhusu dawa iliyopakwa. Buluu iliyokolea ni azo. Kijani hafifu mno, karibu na fedha tupu, ni fitalosiyanini. Buluu ya kijanikijani ni siyanini, na hiyo ndiyo dhaifu zaidi mbele ya jua. Kwa Tanga hii ningechukua mbili za kwanza. Kwa DVD rangi haikusaidii, karibu zote ni zambarau.

Ukingo. Rangi isifike mpaka mwisho kabisa wa plastiki. Panatakiwa pabaki mstari mwembamba usio na rangi, uliozibwa kwa vanishi. Kama vanishi haikufika ukingoni, unyevu wa baharini utapata mlango wa kuingilia, na ugonjwa huanza nje ukielekea ndani.

Uso wa juu. Watu huogopa mikwaruzo ya chini na kuupuuza upande wa maandishi. Kwenye CD data iko juu, chini ya vanishi nyembamba tu. Mkwaruzo wa huko unaondoka na tabaka lenyewe na hauna dawa. DVD ina nafuu, kwani data yake imebanwa katikati ya vipande viwili vya plastiki vya milimita 0.6 kila kimoja. Kwa hiyo CD ambayo uso wake wa juu ni fedha tupu, bila hata rangi ya kuandikia, haifai kwa hifadhi.

Ukiridhika nunua moja, au tano kama hauziwi moja. Usichukue mkebe wa 50 leo, hata muuzaji akuapie kwamba kesho mzigo wa Kariakoo hautakuwepo.

## Hatua ya 4: Soma alama ya kiwanda

Kila diski ya kuchoma ina alama iliyochorwa ndani na kiwanda, ambayo kava haiwezi kuificha. Weka diski tupu kwenye draivu, fungua ImgBurn upande wa kuchoma, na usome maelezo ya diski kulia. Tafuta mstari wenye neno MID, au Disc ID. Kwa Linux, andika kwenye dirisha la amri `wodim -atip` kwa CD, na `dvd+rw-mediainfo /dev/sr0` kwa DVD.

Kwa CD utaona namba ya mtindo wa dakika, sekunde na fremu. Chache za kukariri:

- 97m24s01f ni Taiyo Yuden wa Japani.
- 97m34s23f ni Mitsubishi Chemical, yaani Verbatim za azo.
- 97m26s66f ni CMC Magnetics wa Taiwan.
- 97m15s17f ni Ritek, pia wa Taiwan.

Kwa DVD utaona herufi: MCC 004 na MCC 03RG20 ni za Mitsubishi, YUDEN000T03 na TYG03 za Taiyo Yuden, CMC MAG ya CMC, RITEK ya Ritek.

Sasa hapa inataka akili kidogo. Taiyo Yuden waliacha kutengeneza diski mwishoni mwa 2015. Ukiuziwa leo kama "mpya", huenda ni mzigo wa zamani uliolala, au hata feki, kwani viwanda vingine vimewahi kuchora alama zao za wizi. Verbatim nayo, biashara yake ilitangazwa mwaka 2019 kuuzwa na Mitsubishi Chemical kwa CMC. Na hata kabla ya hapo jina hilohilo lilikuwa na madaraja mawili: zilizoandikwa AZO, na za daraja la chini zilizoandikwa Life Series, ambazo zilinunuliwa kutoka viwanda vingine. Mteja anayedai "nipe Verbatim" bila kusoma zaidi anaweza kupewa yoyote kati ya hizo.

Maana ya alama si kukupa hakika. Inakupa njia ya kulinganisha. Diski ya CMC iliyofaulu vipimo vyako kwenye draivu yako ni bora kuliko ya Kijapani uliyosifiwa tu. Andika alama hiyo kwenye daftari pamoja na duka na tarehe. Ukirudi na mkebe mpya ukakuta alama imebadilika, hiyo ni diski nyingine hata kama kava ni lile lile. Anza kupima upya.

## Hatua ya 5: Choma diski ya majaribio, ijaze mpaka pomoni

Diski huchomwa kutoka katikati kwenda nje, na ukingo wa nje ndio unaokuwa dhaifu: ndiko rangi hupakwa vibaya, ndiko diski inakoyumba zaidi. Ukijaribu kwa MB 100 utakuwa umepima sehemu nzuri peke yake. Jaza yote.

Kasi ichague mwenyewe, usiiachie programu. Kwa CD-R ya 52x choma kwa 16x au 24x. Kwa DVD ya 16x choma kwa 8x. Kasi ya juu kabisa huongeza makosa ukingoni. Lakini usidhani polepole zaidi ndiyo salama zaidi. Diski za siku hizi zimetengenezwa kwa kasi kubwa, na ukilazimisha 1x au 4x kwenye CD matokeo huwa mabaya kuliko ya 16x.

Kabla ya kubonyeza, weka alama kwenye kisanduku cha "Verify" ili programu isome tena kila kitu ikishamaliza kuandika. Wengi huitoa kwa haraka ya wateja. Kwa diski ya majaribio na ya hifadhi haiondoki.

Ikishindikana kuandika, jaribu ya pili kutoka kifurushi kile kile. Ikishindikana nayo, jaribu diski ya alama nyingine kabla ya kulaumu diski; leza ya draivu nayo huchoka. Draivu ikikataa kila aina, tatizo ni draivu.

## Hatua ya 6: Pima

Kipimo cha kwanza kila draivu inakiweza. Fungua Nero DiscSpeed, endesha jaribio la kusoma. Mchoro utaonyesha kasi ikipanda taratibu kutoka katikati kwenda nje. Diski nzuri inachora mstari laini unaopanda mpaka mwisho. Mabonde makali maana yake draivu imelazimika kupunguza kasi ili isome. Yakiwa robo ya mwisho tu, diski hiyo haifai kujazwa. Yakitapakaa kote, haifai.

Kipimo cha pili kinataka draivu inayoweza kuhesabu makosa. Nyingi za LiteOn zinaweza, nyingi za laptopu haziwezi. Kama unayo, kwa CD tazama C1, makosa madogo yanayorekebishwa hatua ya kwanza, na C2, makosa mazito yanayovuka hatua hiyo. Kiwango rasmi kinaruhusu C1 hadi 220 kwa sekunde, lakini hiyo ni diski inayochungulia kaburi. Iliyochomwa leo iwe na wastani wa chini ya 5, na C2 iwe sifuri, si moja. Kwa DVD, PIE (makosa madogo) isipite 280 na PIF (yaliyoshindikana kurekebishwa hatua ya kwanza) isipite 4. Nzuri hukaa mbali kabisa na hapo.

Matokeo haya ni ya diski changa. Yahifadhi, yapige picha kwa simu, kwa sababu faida yake kubwa ni mwakani utakapopima tena na kulinganisha.

Kisha ipeleke kwenye deki na redio ya gari. Kwa gari, piga nyimbo za mwisho, siyo ya kwanza, na ukiweza ipige ukiwa barabarani: inayotulia ukiwa umeegesha Chumbageni inaweza kurukaruka kabla hujafika Muheza. Kama kompyuta inasoma safi na deki inakataa, angalia kwanza kama diski ilifungwa mwisho wa kuchoma. Diski iliyoachwa wazi ili iongezwe baadaye hukataliwa na deki nyingi.

## Hatua ya 7: Itese kwa jua

Hili ni jaribio la bure, na kwa hali ya hewa yetu ndilo linalotenganisha pumba na mchele. Chukua diski ya majaribio iliyofaulu hatua ya 6. Funika nusu yake kwa karatasi nene ya boksi, iweke dirishani upande wa kusomea ukitazama jua, iache wiki mbili. Kisha ipime tena.

Kwa CD-R za siyanini duni, mara nyingine tofauti ya rangi kati ya nusu mbili huonekana hata kwa macho. Diski inayofaa itasomeka yote, na mchoro wake hautatofautiana sana na wa kwanza. Fahamu tu kwamba hapa unapima uvumilivu wa mwanga na joto la dirishani. Haikuambii diski itaishi miaka mingapi, na mtu yeyote anayekutajia miaka kwa uhakika anasoma kava.

Iliyofaulu, rudi dukani. Nunua mkebe wenye alama ile ile ya kiwanda.

## Hatua ya 8: Choma kazi yenyewe

Kwa CD ya muziki: andaa nyimbo zote kwa WAV, stereo, 44.1 kHz, biti 16. Chagua kuchoma diski yote kwa mkupuo mmoja, utaratibu ambao programu huuandika DAO. Ukichoma wimbo mmoja mmoja, leza huzimwa na kuwashwa kati ya nyimbo, na baadhi ya deki hutoa mlio hapo. Kwa taarabu iliyorekodiwa ukumbini, ambapo makofi na vigelegele vinaunganisha wimbo mmoja na mwingine, futa ile nafasi ya sekunde mbili inayowekwa na programu. Usijaze dakika 80 kamili. Ishia 75, hata kama wimbo wa mwisho utahamia diski ya pili.

Kwa CD ya MP3 ya gari: tumia majina mafupi ya mafaili, bila alama za ajabu, na mpangilio wa ISO 9660 au Joliet. UDF peke yake hukataliwa na redio nyingi.

Kwa hifadhi: acha nafasi tupu kiasi cha asilimia 20 ukingoni. Nafasi hiyo unaweza kuitumia vizuri kwa programu ya dvdisaster, ambayo huongeza data ya uokoaji kwenye taswira ya diski (faili moja lenye yote yatakayochomwa) kabla hujaichoma. Sehemu chache zikiharibika baadaye, faili linajengwa upya. Kwa mafaili usiyoweza kuyapata tena, sioni sababu ya kutoifanya.

Kabla ya kuchoma, tengeneza pia alama ya utambulisho ya kila faili. Windows: `certutil -hashfile jina-la-faili SHA256`. Linux: `sha256sum`. Hifadhi matokeo kwenye faili la maandishi ndani ya diski na nakala yake kwenye simu. Siku ya kukagua, ukipata mfululizo ule ule wa herufi na namba, faili halijabadilika hata baiti moja.

Wakati inachomwa usifungue programu nyingine nzito, usihamishe laptopu. Na kila kazi ya hifadhi ichome mara mbili, kwenye diski za alama mbili tofauti za kiwanda ukiweza, ili kasoro ya mzigo mmoja isikumalize pote. Nakala ya tatu iwe kwenye hadidiski. Moja ya diski ikakae nyumba nyingine.

## Hatua ya 9: Andika jina

Andika kwenye duara la plastiki safi la katikati, ambako hakuna data. Kama nafasi haitoshi, andika kwenye uso wa juu kwa makapeni ya maji au spiriti yenye ncha laini. Zile zenye harufu ya kulewesha zina kiyeyusho kinachoweza kupenya vanishi. Kalamu ya bolipeni hairuhusiwi kabisa, inakandamiza tabaka la data.

Stika za kubandika ni maarufu kwa DVD za harusi, na wateja wanazipenda. Gundi yake hulegea kwa joto, stika ikajikunja, diski ikayumba, na siku moja ikakwama ndani ya redio ya gari. Kama mteja lazima apate picha, nunua diski zenye uso mweupe wa kuchapwa kwa printa.

## Hatua ya 10: Hifadhi kwa hali ya Tanga

Ule mwongozo wa NIST unapendekeza joto la nyuzi 4 hadi 20 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Hapa hatuna hayo bila mashine, na unyevu wetu unapita huo kwa mbali karibu mwaka mzima. Tunachoweza ni kupunguza madhara.

Weka kila diski kwenye kasha gumu, isimame wima, ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika. Wakati wa masika badilisha vifuko kila mwezi. Chombo kikae kabati la chini, ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Juu ya friji na juu ya televisheni pana joto, hapafai.

Albamu za mifuko ya nailoni ziache. Kwenye unyevu nailoni hushikana na uso wa diski, na ukiivuta inaacha alama au kuondoka na vanishi.

Usiweke kwenye friji ukidhani unaipa baridi: ukiitoa, mvuke unaganda juu yake kama matone. Ndivyo inavyokuwa pia ukitoka chumba cha kiyoyozi kwenda nje. Acha kasha limefungwa mpaka lizoee joto.

Diski ya gari ihesabu kuwa ni ya kufa. Juu ya dashibodi, gari likiwa juani, haipaswi kukaa hata ya majaribio.

Kusafisha: kitambaa cha pamba, kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka. Ukizungusha, mkwaruzo utakaoufanya utafuata njia ya data na kufuta sehemu ndefu ya mfululizo.

## Hatua ya 11: Kagua kila mwaka

Chagua wakati hewa ni kavu kiasi, baada ya masika kuisha. Toa diski za hifadhi, pima upya, linganisha na ile picha ya hatua ya 6, kisha hakiki zile alama za SHA256 za hatua ya 8.

C1 ikipanda mara kadhaa kuliko ilivyokuwa, au C2 ikitokea kwa mara ya kwanza, au mchoro wa kusoma ukaanza mabonde pale palipokuwa laini, usisubiri mwakani. Nakili yote siku hiyo kwenye hadidiski na uchome diski mpya. Kama kuna faili linalogoma, jaribu draivu nyingine kabla ya kukata tamaa. Draivu hutofautiana sana kwa uwezo wa kusoma diski mgonjwa, na dvdisaster inaweza kuunganisha vipande vilivyosomwa na draivu mbili tofauti. Diski ya zamani usiitupe mpaka nakala mpya imehakikiwa.

Pale utakapokuta diski mbili za alama ile ile zimeshuka kwa pamoja, toa zote za mkebe huo bila kujali tarehe zake, uzinakili. Kisha weka mstari mwekundu kwenye daftari mbele ya alama hiyo.